Kulia, Kushoto

Wiki ya tatu ya mgambo, uwanja wa nyuma ya Igombe,
risasi zangu zilikuwa zinaua kichuguu.
Kila kuruti alikuwa na matundu kwenye karatasi yake;
karatasi yangu ungeweza kuirudisha dukani,
na kile kichuguu, futi nne kushoto mwa shabaha,
kilikuwa kimekwisha kuwa chekecheke.
"Milembe," aliita Lukondya kutoka kwenye foleni,
"hao mchwa wamekukosea nini?"

Nilihitaji cheti.
Kiwanda cha minofu kule Ilemela hakimchukui mlinzi bila cheti,
na mume wangu alikuwa amerudi Geita, shimoni,
simu yake haipatikani.
Basi kila asubuhi nililala kifudifudi kwenye kokoto,
kitako bega la kulia, shavu la kulia, jicho la kulia,
nikafumba la kushoto kama walivyosema,
nalo likafumbuka.
Nikalifumba. Likafumbuka,
kama mtoto aliyefukuzwa sebuleni
anayechungulia kwenye pazia wageni wakila.

Afande Bituro hakunifokea. Ndicho kilichonitisha.
Alinisimamisha kuelekea ziwani,
akaniambia niunganishe viganja, niache tundu dogo katikati,
mikono nimeinyoosha, macho yote wazi.
"Lipate jiwe lile."
Kulikuwa na jiwe majini, limekalia jiwe jingine
kwa namna mawe ya Mwanza yanavyokaa, yaani bila sababu,
na juu yake mnandi mmoja akianika mabawa.
Nikalipata.
"Fumba la kushoto."
Jiwe likaondoka. Mnandi, jiwe, vyote;
ndani ya tundu pakabaki maji matupu.
"Haya, fumba la kulia."
Likarudi, zito, halina habari.
Afande akaguna kama fundi aliyesikia injini.
"Mkono wako na jicho lako hawajawahi kutambulishana," alisema.
"Nani alikufundisha kula?"

Bibi Nyanzala, Ukerewe, nikiwa na miaka mitatu.
Alinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga,
nyuma mgongoni, kila ugali wa muhogo ulipotua mkekani,
maana mkono wa kulia ni wa kulia,
na aliyekula kwa kushoto alilia.
Nikajifunza. Nikala kwa kulia, nikaandika kwa kulia,
nikawaamkia wakwe, nikaipungia meli ya Nansio,
hata nikasahau kwamba kuna kitu kiliwahi kufungwa.

Siku ile bunduki ilihama bega.
Jamani, ilikuwa kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine.
Kidole cha kushoto hakikujua kufyatua,
kilivuta kama kinachong'oa mwiba;
maganda ya moto yalikatiza mbele ya pua yangu;
bega lilivimba, usiku nikalikanda kwa maji ya chumvi.
Lakini jicho lilifika mahali pake likakaa.
Halikuchungulia. Lilitazama.
Ncha ya mbele ikasimama katikati ya tundu la nyuma,
pumzi ikatoka nusu,
na karatasi, mbali kule, ikatoboka.

Saba kati ya kumi. Lukondya alipata tisa
na ameshalisema mara mia.
Kichuguu kimeota upya.

Sasa nasaini daftari la zamu kwa kulia,
naning'iniza bunduki bega la kushoto,
na madereva wa malori ya barafu hupunguza mwendo getini
kuniambia nimeivaa kinyume.

Jumapili nilimpigia bibi. Nikamweleza yote, taratibu,
karatasi, kichuguu, jiwe lililoondoka na kurudi.
Alinyamaza hata nikadhani salio limeisha.
Kisha akakohoa.
"Mkono niliufunga," alisema. "Jicho
sikuliona likila."